Kijiko cha Samli

Kama mtoto wako amelishwa chakula akavimba midomo, na watu wote waliokuzunguka wakakuambia ni meno, haya nimekuandikia wewe. Mimi si daktari. Nauza mapazia Kitengela. Ninachokijua ni yale niliyopitia na mwanangu Leshan tangu alipoanza kula, na zaidi ya hapo naijua hasira vizuri sana. Anayetafuta simulizi ya mtu aliyesamehe akamwachia Mungu atampata kanisani, wako wengi huko.

Mimi ni Mkikuyu na mume wangu Koinet ni Mmaasai. Kazi yake ni kupitisha mizigo ya watu mpakani Namanga, kwa hiyo nyumbani tunamwona wikendi. Mama yake anaishi upande wa Kajiado, nje kidogo ya mji, na ng'ombe wake. Namwita yeyo, kama wao wanavyomwita mama. Kabla Leshan hajazaliwa nilipatana na yeyo vizuri, maana tulionana Krismasi na kwenye harusi tu.

Leshan alipotimiza miezi sita nilianza na malenge. Nilichemsha, nikaponda, nikampa kwa kijiko kidogo cha plastiki, naye akafungua mdomo kama mjomba aliyechelewa kufika harusini. Baada ya malenge nikampa ndizi, kisha parachichi, kisha uji wa wimbi uliopikwa kwa maji matupu. Kila kitu kiliingia na kila kitu kilikaa. Mashavu yalijaa, nami nikajisifu kwa majirani kwamba kulisha mtoto ni kazi rahisi, wanaolalamika ni wavivu.

Halafu tukampeleka Kajiado. Kwa yeyo, mtoto hajaanza kula mpaka anywe maziwa ya ng'ombe wake mwenyewe. Alikuwa amemtengea mjukuu ng'ombe mwekundu mwenye doa jeupe kifuani, na asubuhi ile alimkamua yeye mwenyewe akiimba. Shangazi walikuwa wamekusanyika. Mimi nilishika simu nikirekodi video, nimefurahi kama wao. Leshan alipiga mafunda mawili, akajipangusa masikio kwa viganja, akaanza kulia. Madoa mekundu yalimtoka kidevuni yakashuka shingoni, kisha akatapika juu ya shuka mpya.

“Anatoa uchafu ya Kitengela,” shangazi mmoja akasema, na watu wakacheka. Mimi pia nilicheka. Jioni madoa yalikuwa yameisha, nasi tukarudi nyumbani.

Mvua ndefu zilitukuta kwenye benchi. Kulikuwa na zahanati karibu na kwetu, sitataja jina lake, na chumba chake cha kusubiri nakijua kuliko sebule yangu. Televisheni isiyo na sauti, ndoo ya kukinga maji yanayovuja darini, akina mama wenye matope hadi magotini. Nyumbani nilikuwa nikimpikia Leshan uji kwa maziwa ya pakiti, kama kila mtu ninayemjua anavyopika, naye alikuwa akiharibika mbele ya macho yangu. Ngozi ya viwiko na nyuma ya magoti ilipasuka ikawa inatoa maji. Alijikuna mpaka tukamvisha soksi mikononi. Kinyesi kilikuja na damu. Mapaja yaliyokuwa na mikunjo ya kupendeza yalilegea, ngozi ikabaki kuning'inia.

Kila mara niliambiwa ni meno. Leshan hakuwa na jino hata moja, lakini meno yake yalisingiziwa makosa mengi kuliko mwizi wa mifugo. Tulipewa mafuta ya kupaka, kisha dawa ya minyoo, kisha mafuta mengine ya bei zaidi. Mimi mwenyewe nilianza kupungua. Nywele zilibaki kwenye kitana, na matiti yaliniuma kwa sababu mtoto hakuwa na nguvu ya kunyonya hadi mwisho.

Mema madogo yalikuwepo, nayo nitayasema. Siku moja Leshan alinitapikia kuanzia kifuani hadi miguuni, foleni ikiwa imefika zamu yangu. Mama mmoja kutoka Isinya, mgeni kabisa kwangu, alivua leso yake akanifunga, akawageukia watu waliokuwa wakinisukuma. “Mkipita huyu mama, mtapita juu yangu,” akasema. Sikuwahi kumrudishia leso. Nikikutana naye leo nitamnunulia kumi.

Mwisho jirani alinielekeza kwa daktari wa watoto, mzee mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Wa kwanza kuniuliza swali ambalo lilipaswa kuulizwa tangu mwanzo ni yeye: “Anakula nini?” Nikamweleza. Nikamwonyesha ile video. Akaitazama mara mbili, akasema ni aleji ya maziwa ya ng'ombe, nisimpe maziwa wala chochote kitokacho kwa maziwa. Akaniambia watoto wengi huacha kusumbuliwa wakikua, na wakati ukifika tutamjaribu hapo hapo hospitalini, dawa zikiwa mezani. “Usijaribu nyumbani,” akasema. Niliacha maziwa siku hiyo hiyo, na kabla mvua hazijakatika ngozi ya mwanangu ilikuwa imeanza kufunga.

Wewe unayesoma, kama umefika hapo, usidhani umemaliza. Ugonjwa wenyewe ni nusu tu. Nusu nyingine ni watu.

Koinet alimpigia mama yake simu kumweleza. Sauti ya yeyo niliisikia hadi jikoni. “Mmaasai hawezi kuwa na aleji ya maziwa. Hiyo ni kama samaki kuwa na aleji ya maji.” Kisha ikaja kauli ambayo ndugu wote waliirudia baadaye: eti mimi sitaki mtoto awe wao, nataka kumfanya mla viazi kama Wakikuyu wenzangu. Wifi yangu Naisula, ambaye ana moyo mzuri, alijaribu kunitetea akaambiwa anyamaze.

“Mama amelea watoto wanane na maziwa,” Koinet aliniambia akiwa amekaa ukingoni mwa kitanda. “Kulikuwa na ukame, hakuna unga, hakuna kitu. Maziwa tu. Sasa unamwambia hiyo kitu ndiyo inaua mjukuu wake. Ataelewa aje?”

“Ataelewa polepole,” nikasema. “Lakini mdomo wa mtoto wangu asiuguse.”

Baridi ilipoingia yaya wetu alirudi kwao, nami nilikuwa na safari ya Nairobi kuchagua vitambaa vya mteja wa nyumba nzima. Koinet akanisihi nimwache Leshan kwa mama yake siku moja tu, ili mambo yapoe. Nilikubali. Nilifika Kajiado na chupa yake, kijiko chake, bakuli lake na chakula chake.

“Takwenya, yeyo,” nikamsalimu.

“Iko,” akaitikia, akimpokea mtoto.

“Yeyo, nakuomba. Maziwa hapana. Mabichi hapana, yaliyoganda hapana, hata tone.”

“Nimesikia.”

“Hata tone, yeyo.”

“Mama Leshan, mimi si kiziwi. Sitampa maziwa. Enkai ananiona,” akaapa kwa jina la Mungu.

Samli sikuitaja. Sikudhani kuna mtu duniani anayehitaji kuambiwa samli hutoka wapi, sembuse yeye anayeitikisa kwenye kibuyu kwa mikono yake.

Nilikuwa nimeshika kitambaa cha rangi ya maziwa ya mgando, nabishana bei, Naisula aliponipigia. “Mama Leshan, kuja Kajiado. Kuja hospitali. Mtoto amekuwa mwingine.”

Sina la kusema kuhusu safari ile. Nilipoingia wodini niliwapita watoto kitanda baada ya kitanda nikimtafuta mwanangu, na nilimpita yeye pia. Nesi ndiye aliyenirudisha. Macho yalikuwa yamefungwa kabisa kwa uvimbe, midomo imejaa hadi puani, na bomba la hewa limebandikwa kwa plasta. Walikuwa wamemleta kwenye pikapu ya jirani ya kubebea mbuzi. Nesi aliniambia alifika akiwa wa bluu. Nilimtambua mwanangu kwa kidole gumba cha mguu ambacho kimepinda kama cha babake.

Yeyo alikuwa amekaa sakafuni, mgongo ukutani, shanga zote shingoni. “Sikumpa maziwa,” akasema kabla sijafungua mdomo.

Niliamini anadanganya. Lakini daktari wa zamu alipokuja na kumuuliza polepole mtoto alikula nini, yeyo alijibu wazi bila kuficha chochote.

“Chakula ya mama yake iliisha, bado analia njaa. Nikampondea viazi, vile mama yake anapenda. Ilikuwa ngumu, nikaweka mafuta ya kulainisha. Kijiko moja.”

“Mafuta gani?”

“Samli yetu.”

“Samli inatoka kwa maziwa, mama.”

“Inatoka, lakini si maziwa tena. Maziwa imebaki kwa kibuyu. Hii ni mafuta. Kwetu mtoto akizaliwa anapewa hata kabla ya titi.”

Daktari akamweleza. Yeyo akaitikia kwa kichwa kwa heshima, kama unavyomwitikia mgeni anapokueleza habari za ng'ombe wako mwenyewe. Kisha akanigeukia. Ningeweza kuisahau ile samli. Neno alilolisema baadaye ndilo ninalolibeba.

“Hii damu dhaifu si yetu,” akasema. “Ni damu ya viazi.”

Mwanangu alikuwa na sindano mkononi na bomba puani. Niliinama nikamfunika Leshan miguu, na hapo hapo, nikiwa nimeinama, niliapa kwamba mwanamke huyu atalipa, na atalipa akiwa hai na akili zake timamu.

Leshan alikaa kwenye dripu, kisha akatolewa, kisha tukarudi nyumbani na dawa ya maji ambayo hadi leo haitoki kwenye mkoba wangu. Nilimwambia Koinet kwamba mama yake hatamshika mtoto tena. Baridi ikaisha. Mvua za vuli zikaja, chache. Yeyo alituma nyama, sikuipika. Alituma kikuku cha shanga cha mtoto, nikakiweka kwenye droo ya nyuzi. Alimtuma mchungaji, nikamkaribisha, nikamsikiliza mahubiri yake yote ya msamaha, nikamsindikiza hadi mlangoni.

Nyumba yangu ililipia hayo. Koinet alianza kupata kazi za Jumamosi Namanga, kisha za Jumapili. Alipokuja alimlisha Leshan kimya, akasoma maandishi ya kila pakiti ya biskuti kabla ya kuifungua, kwa kuwa alikuwa ameuona uvimbe ule naye. Hakunilaumu. Siku moja tu alisema, “Wewe na yeye mnavuta kamba, na aliyefungwa katikati ni mimi.” Nikamwambia basi amwambie mama yake aachilie upande wake.

Kiangazi kilipokaza, Leshan akiwa anatembea kwa kushikilia viti, mzee mwenye miwani aliniita. Wakati wa jaribio ulikuwa umefika. Atapewa maziwa tone kwa tone, akitazamwa, ili tujue kama mwili umeyakubali. Mtu amshike mapajani asubuhi nzima.

Nilitoka nje nikampigia yeyo. Ilikuwa mara ya kwanza tangu wodini.

“Yeyo, Leshan anajaribiwa maziwa hospitalini. Nataka umbebe wewe.”

“Mimi?”

“Wewe ndiye kokoo, bibi yake.”

“Ashe oleng, Mama Leshan,” akanishukuru, na nikasikia sauti ikikatika. “Ashe. Ashe.” Alilia kwa furaha. Nilimwacha alie.

Alifika amevaa kama anayekwenda kupokea mahari. Naisula alimsindikiza, na Koinet akaomba ruhusa kazini. Daktari akasema kwa kawaida mama ndiye anayeshika. “Bibi yake ana mkono mtulivu zaidi,” nikasema, naye hakubishana. Leshan alimtazama yeyo kwa mashaka, kisha akazikamata shanga zake akatulia.

Tone la kwanza lilipakwa mdomoni. Tukasubiri. Hakuna kitu. La pili, likafuata kijiko kidogo. Hakuna kitu. Leshan alicheza na hereni, yeyo akaanza kuimba chini chini, wimbo ule ule wa kukamulia, na kila aliposita aliniangalia kwa jicho ambalo halikuhitaji kutafsiriwa. Koinet alitabasamu. Nilimwombea mwanangu apone, kama mama yeyote, na papo hapo nilikuwa nikihesabu ni harusi ngapi atakazosimulia jinsi mla viazi alivyoaibika.

Kijiko kilichofuata Leshan alikimeza vizuri. Kisha akajipangusa masikio.

Nesi alisogea. Kidevu kikawa chekundu, madoa yakashuka shingoni yakaungana. Mdomo wa juu ukaanza kuvimba, taratibu, mbele ya uso wa yeyo, na mtoto akakohoa kikohozi kikavu kama cha mbwa. Wimbo ukakoma.

“Mchukue,” yeyo akasema. Sauti ilikuwa ya mtu mwingine. “Mama Leshan, mchukue! Mchukue mtoto!”

Nilikuwa nimesimama hatua moja tu kutoka kwao. Daktari alikuwa ameinama na sindano tayari. “Mshike vizuri, mama, paja lisitikisike,” akamwambia yeyo.

“Mshike, yeyo,” nikasema. “Umesikia daktari. Mshike.”

Akamshika. Alimshika huku Leshan akimtapikia kifuani, huku sindano ikiingia pajani, huku mtoto akipiga kelele na kunyoosha mikono kwangu. Machozi yalimtiririka hadi kwenye shanga na hakuwa na mkono wa kuyafuta. Nilimtazama machoni muda wote. Nilitaka kila kitu kilichoingia machoni mwangu siku ile wodini kiingie na machoni mwake, na kiliingia.

Dawa ilifanya kazi haraka. Kikohozi kikaisha, madoa yakafifia, na Leshan akalala akiwa amechoka, bado mapajani pale pale. Hapo ndipo nilipompokea.

Yeyo hakujifuta matapishi. Alikaa akitazama mikono yake. “Siku ile,” akaniuliza, “ilikuwa hivi?”

“Hii ni kidogo, yeyo. Siku ile alikuwa hapumui.”

Damu ya viazi sijaisikia tangu hapo, wala yeye hajaniomba msamaha, nami sijautafuta. Daktari alituambia tungoje tena, mwili bado, huenda mwaka ujao.

Kwako wewe uliye kwenye benchi sasa hivi, nitasema ninachoweza. Anzisha chakula kimoja kimoja, usichanganye kila kitu kwenye uji, ili kibaya kikija ukijue kwa jina. Piga picha za madoa, kwa sababu yatakuwa yameisha utakapofika kwa daktari. Ukiambiwa meno na moyo wako ukakataa, nenda kwingine. Na usiseme tu maziwa. Taja samli, siagi, keki, taja kila kitu, kwa mdomo wako mwenyewe, hata kwa anayejua ng'ombe kuliko wewe.

Leshan amenenepa. Yeyo huja Kitengela sasa karibu kila wiki, na hakuna polisi wa mpakani anayekagua mizigo kama anavyokagua yeye mikono ya watu. Krismasi iliyofuata shangazi yule wa uchafu wa Kitengela alimnyooshea mtoto kipande cha keki, yeyo akampiga kofi mkononi, keki ikaruka hadi kwa kuku. Koinet amerudi kulala nyumbani wikendi nzima.

Muda mfupi baada ya jaribio yeyo aliniuliza jambo, akiwa amesimama mlangoni kwangu anaogopa kuingia. “Mimi nikikunywa maziwa asubuhi, halafu nimbusu, si itamdhuru?”

Daktari alikuwa ameshanieleza hilo. Mtu akisukutua mdomo vizuri, akanawa mikono na uso kwa sabuni, akakaa kidogo, anaweza kumbeba mtoto.

“Sijui, yeyo,” nikamjibu. “Afadhali tusijaribu.”

Basi akaacha kunywa maziwa. Kwanza aliacha siku za kuja kwetu tu, kisha na siku iliyotangulia. Sasa Naisula ananiambia kwamba hata nyumbani anakamua, anawagawia wengine na yeye anakaa hivyo hivyo bila kuonja. Mwanamke huyu amelelewa kwa maziwa na kulea kwa maziwa, na anajua kila ng'ombe wake kwa sauti. Kwangu anakunywa strungi, chai nyeusi ya maji na majani. Namwekea sukari mbili. Anapiga funda, anafinya uso, anameza.

“Ni nzuri,” ananidanganya.

“Nikuongeze?” namuuliza.

Leshan amemkalia mapajani, ameshika shanga. Yeyo ananisogezea kikombe.